Dakika za Kiboko

Saa kumi na mbili na robo, ziwa bado lina usingizi,
Lugata anakaza mshipi wa bunduki begani
na kuniuliza kama nimekunywa uji.
Nimekunywa. Kamba za viatu nimezifunga mara mbili.
Mzunguko huu wa Rubondo ulinishinda Februari,
ukanishinda tena baada ya mvua za Aprili,
nikarudi Igogo nachechemea,
wiki nzima nikikanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Leo naanza taratibu.
Mchanga kwanza, ule unaomeza kisigino,
halafu ukindu, miiba yake kama sindano namba kumi na nane,
halafu msitu wenyewe,
unaokufungia mlango mgongoni.

Humo ndani hakuna upepo.
Kuna mbung'o, na mizizi ya mikuyu
iliyolala njiani kama watoto wa bweni,
huyu kamlalia yule, na wewe utafute pa kukanyaga.
Naruka. Naruka. Nainama, kamba ya porini inataka shingo.
Naruka.
Nyuma yangu mabuti ya mpira ya Lugata,
kwap, kwap, kwap,
wala hahemi. Anapiga soga!
Bei ya mabati Sengerema,
shemeji aliyedai ng'ombe wa ziada.
Namjibu "mh",
ndilo neno pekee lililobaki kifuani.

Mlima.
Kwenye ramani ni kilima tu, kidole gumba kinakifunika.
Kwenye mapaja ni mkopo wenye riba.
Napanda kwa mikono, nashika jiwe, nashika mzizi,
nashika kitu kinachonikimbia,
na juu, pale miti inapoachana,
ziwa linakunjuka pande tatu
kama kitambaa mezani kabla ya mkasi.
Natazama saa, ya plastiki, ya Makoroboi:
dakika hamsini na nane.
Sijawahi kufika hapa chini ya sitini na tano.

Basi nashuka kama niliyekuja kuchukua moto.
Majani mabichi, utelezi, goti la kushoto linalalamika,
nalinyamazisha, nashuka,
hadi kwenye matete, ambapo Lugata ananidaka fulana.
Hasemi kitu. Ananyoosha kidevu.

Kiboko jike, ndama ubavuni,
katikati ya njia, hatua thelathini.
Hana hasira. Amesimama tu
kama mwenye hati ya kiwanja.

Tunarudi kinyumenyume, tunachuchumaa nyuma ya jiwe.
Saa inakwenda. Sabini. Sabini na tano.
Jasho linapoa, linakuwa mkono wa mtu nisiyemjua.
Ndama anapiga chafya. Themanini.
Nanong'ona: nizime saa?
Ni kibonye kimoja, na dakika hizi si zangu,
sikuzikimbia, sikuzitembea.

Lugata anafikiri, kama ameulizwa jambo la sheria.
"Mimi nikicheleweshwa na huyu," anasema,
"siandiki kitabuni kwamba siku ilisimama."

Themanini na tisa, mama anageuza makalio,
ndama anafuata, matete yanajifunga.
Harufu yao inabaki njiani, nzito,
tunaipita mbio.

Sikumbuki sana kilomita za mwisho.
Nakumbuka fisi maji wawili wakigombea sato,
nakumbuka kwap, kwap ikinisukuma,
na boya jekundu kwenye gati, likikua,
likikua kwa uchoyo,
mpaka nikaligusa.

Sasa ukutani, juu ya cherehani yangu,
kuna maandishi ya chaki:
saa mbili na dakika moja.
Wateja huuliza, ni vipimo vya nani hivyo?
Nawaambia, kiuno cha kisiwa.
Nimeshona bila kupunguza,
na pembeni nimeacha akiba, dakika kumi na tisa,
maana mwenye nguo ni mnene
na hapendi kubanwa.